Kwa nini mnyoo wa tumboni hutoka tumboni, akazunguka kwenye ini na mapafu, kisha akarudi palepale?

#1 Mdadisi

Salamu kwenu nyote. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu nilipoanza kusoma maisha ya yule mnyoo mkubwa wa mviringo ambaye wataalamu humwita Ascaris lumbricoides. Mtu humeza yai lenye lava (mtoto wa mnyoo) ndani yake, na yai hilo huanguliwa utumboni, yaani mahali palepale ambapo mnyoo mkomavu huishi, hula na hutaga. Ningetazamia kwamba safari iishie hapo. Badala yake lava hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu, huchukuliwa hadi kwenye ini, hupita moyoni, hufika mapafuni, hutoboa vifuko vya hewa, hupanda hadi kooni, humezwa mara ya pili, na ndipo hurudi utumboni ili akue. Safari hiyo huchukua takriban siku kumi hadi wiki mbili, na wengi wao hufa njiani.

Kiumbe aliyekwisha kufika nyumbani anatafuta nini huko nje? Naomba maelezo ya kibiolojia, si majina ya dawa.

#2 Mwalimu wa Biolojia

Karibu, ndugu Mdadisi. Jibu ambalo nimelifundisha kwa miaka mingi ni kwamba safari hii ni urithi. Mtazame mnyoo wa safura. Lava wake hukaa udongoni, huingia mwilini kwa kutoboa ngozi, kwa kawaida ya miguu, kisha hufuata damu hadi moyoni na mapafuni, hupanda kooni na humezwa. Kwake yeye njia hiyo ina maana kamili, kwa sababu aliyeingia kwa kupitia mguuni hana njia nyingine nyepesi ya kuufikia utumbo. Arthur Looss aliligundua jambo hilo kwa bahati mbaya akiwa Cairo, mwaka 1898, pale maji yenye lava wa safura yalipomwagikia mkononi, ngozi ikamwasha, na baadaye akayakuta mayai ya minyoo hao katika kinyesi chake mwenyewe.

Inadhaniwa kwamba mababu wa Ascaris nao waliingia kwa kupitia ngozi. Baadaye walihamia katika kumezwa ndani ya yai, lakini ratiba ya zamani ya mwili haikufutika. Lava huanza safari yake kana kwamba bado ameingilia mguuni.

#3 Mpitanjia

Nadhani mnalikuza jambo dogo. Minyoo wote wa tumboni, tegu akiwamo, huzunguka mwilini, na wakirudi huzaliana humo humo, ndiyo maana mtu huanza na mmoja akaishia na mia. Safari ni namna yao ya kusambaa.

#4 Hadubini

Ndugu Mpitanjia, naomba nisahihishe mambo mawili kabla uzi haujaenda mbali.

Kwanza, tegu si jamaa wa Ascaris. Tegu ni mnyoo bapa mwenye mwili wa pingili, hana mdomo wala utumbo, na chakula hukifyonza kwa ngozi yake. Minyoo wa kichocho pia ni bapa. Ascaris, safura, mnyoo mjeledi, wale weupe wadogo wanaowasha watoto mkunduni usiku, na wale wa matende na usubi, hao ndio wa kundi la nematodi, lenye mwili wa mviringo usio na pingili, gamba la nje la kolajeni, na misuli inayokwenda kwa urefu tu bila ile ya kuzunguka mwili. Ndiyo maana hujipinda kama mjeledi na hawawezi kujivuta na kujibana kama nyungunyungu, ingawa jina lumbricoides lenyewe lina maana ya kufanana na nyungunyungu.

Pili, Ascaris haongezeki idadi ndani ya mtu. Jike mmoja hutaga mayai yanayokadiriwa kufikia 200,000 kwa siku, lakini yote hutoka na kinyesi yakiwa bado hayana lava, na yanahitaji kukaa udongoni, penye unyevu, kivuli na oksijeni, kwa wiki mbili hadi kadhaa ndipo yaweze kumwambukiza mtu. Aliye na minyoo mia amemeza mayai mia au zaidi. Anayeweza kuzaliana na kumwambukiza upya mtu yuleyule kwa miaka mingi ni Strongyloides, nematodi mwingine mdogo wa utumboni, na huyo ni habari nyingine.

#5 Mpitanjia

Nimekubali kuhusu tegu na kuhusu kuzaliana. Lakini huo mzunguko wa mapafuni umeonwa na nani? Ndani ya mtu aliye hai hatuoni kitu.

#6 Hadubini

Umeonwa, na kwa gharama kubwa. Mwaka 1916 F. H. Stewart aliwalisha panya mayai ya Ascaris yaliyokomaa, akawakuta lava kwenye ini na mapafu yao, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Yeye mwenyewe alidhani kwamba panya ni mwenyeji wa kati, yaani mnyama wa lazima ambaye mnyoo hupitia kabla ya kumfikia mtu. Wengine walipoendelea na majaribio walionyesha kwamba panya hahitajiki, kwa kuwa mambo yale yale hutokea ndani ya mwenyeji mmoja.

Kisha mwaka 1922 daktari Mjapani, Shimesu Koino, alimeza mayai 2,000 ya mnyoo wa binadamu. Mapafu yake yaliugua vibaya, na katika makohozi yake mwenyewe aliwaona lava kwa hadubini. Mdogo wake naye alimeza mayai ya mnyoo wa nguruwe. Sidhani kama leo kamati yoyote ya maadili ingeruhusu jaribio la namna hiyo, lakini tangu siku ile hakuna mwenye haki ya kusema kwamba safari hii ni ya kubuni.

#7 Mzazi wa Watatu

Asante kwa mada hii. Binti yangu alipokuwa na miaka minne alikohoa sana usiku mmoja akiwa na homa, na asubuhi akatoa mdomoni mnyoo mrefu kama kalamu. Sijawahi kuogopa kiasi kile. Daktari aliniambia ni minyoo ya tumboni, akampa dawa, akapona. Je, huyo ndiye aliyekuwa akitoka mapafuni?

#8 Hadubini

Pole sana, mzazi mwenzangu. Huyo hakutoka mapafuni. Lava anayepita mapafuni hana hata urefu wa milimita 2, na huwezi kumwona katika makohozi bila hadubini. Yule wa kalamu alikuwa mkomavu aliyekwisha kuishi utumboni kwa miezi kadhaa. Mkomavu hana ndoana wala kinyonyio cha kumshikilia ukutani. Hukaa mahali pake kwa kujisukuma daima kinyume cha mwendo wa chakula, na homa au dawa fulani zikimsumbua huweza kupanda tumboni hadi kooni, au kuingia katika mfereji wa nyongo. Ni safari mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya.

Dalili za lava mapafuni ni kikohozi kikavu, kubanwa pumzi na wakati mwingine homa, majuma kama mawili baada ya kumeza mayai mengi. Wilhelm Löffler wa Uswisi aliieleza hali hiyo mwaka 1932: madoa katika picha ya eksirei ambayo hutokea na kutoweka yenyewe, huku damu ikiwa imejaa seli nyeupe za eosinofili. Wakati huo kinyesi hakina yai hata moja, kwa sababu tangu yai limezwe hadi jike aanze kutaga hupita miezi 2 hadi 3.

#9 Mti wa Ukoo

Nirudi kwenye hoja ya Mwalimu katika #2, kwa heshima zote. Maelezo ya ngozi yalikuwa na nguvu wakati tulipodhani kwamba Ascaris na safura ni ndugu wa karibu. Mwaka 1998 Mark Blaxter na wenzake walipanga ukoo wa nematodi kwa kulinganisha jeni, wakapata matawi makuu matano, na ikaonekana kwamba tabia ya kuishi ndani ya wanyama ilizuka mara nyingi, kila mara katika tawi lake. Safura wako katika tawi moja pamoja na yule mnyoo mdogo wa maabara, Caenorhabditis elegans, asiyemdhuru mtu yeyote. Strongyloides, ambaye naye hutoboa ngozi, yuko tawi jingine. Ascaris yuko la tatu, na majirani zake ni minyoo wa matende na wale wanaowasha watoto usiku. Hakuna hata mmoja kati ya majirani hao ambaye lava wake hutoka udongoni akatoboa ngozi.

Kwa hiyo mimi naegemea maelezo mengine ya urithi. Jamaa wengi wa Ascaris wana mwenyeji wa kati mpaka leo. Anisakis wa nyangumi, kwa mfano, hupitia kwa viumbe wadogo wa baharini na samaki kabla ya kukomaa ndani ya nyangumi. Ndani ya mwenyeji wa kati, lava hutoka utumboni na kukaa katika nyama, akisubiri mnyama huyo aliwe. Huenda Ascaris alimwacha mwenyeji wa kati, na sasa mtu au nguruwe mmoja anafanya kazi zote mbili: kwanza anatumika kama windo, kisha kama mwindaji. Stewart alikosea kuhusu panya wa leo, lakini pengine hakukosea kuhusu historia.

#10 Mwalimu wa Biolojia

Nimeipokea hoja ya matawi, na nakiri kwamba itanibidi nibadilishe somo langu la muhula ujao. Hata hivyo, Mti wa Ukoo, maelezo yako na yangu yana udhaifu mmoja. Yote mawili yanasema kwamba lava anasafiri kwa sababu babu yake alisafiri. Urithi wenye gharama hii, wa kuwapoteza watoto wengi njiani, ungepaswa kupunguzwa na mageuko kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa lava yeyote aliyezaliwa mvivu akabaki utumboni angekuwa na nafasi kubwa kuliko wenzake. Ikiwa wavivu hawakushinda, basi lazima safari inalipa kitu fulani sasa hivi.

#11 Mkaguzi wa Nyama

Ninyi mnasoma vitabuni, mimi naiona safari hiyo kila siku ya kazi. Ini la nguruwe aliyeambukizwa huwa na madoa meupe kama matone ya maziwa, na hayo ni makovu ya mahali lava walipopita na kinga ya mwili ikawazingira. Madoa mapya huwa na kingo zilizofifia, na baada ya majuma machache hupotea, kwa hiyo ini lenye madoa hunieleza kwamba nguruwe alimeza mayai hivi karibuni.

Kinachonishangaza ni kwamba ini lililojaa madoa mara nyingi hutoka kwa nguruwe ambaye utumbo wake una minyoo miwili, mitatu, au hauna kabisa. Na yule mwenye minyoo mikubwa tele wakati mwingine ana ini safi. Mwanzoni nilidhani nimechanganya matumbo mezani.

#12 Hadubini

Hukuchanganya kitu. Imeonekana katika majaribio ya nguruwe kwamba lava wengi hufaulu kwenye ini na mapafu, hurudi utumboni, halafu sehemu kubwa yao hufukuzwa na kutoka na kinyesi kati ya siku ya 14 na ya 21 hivi baada ya mayai kumezwa. Wanaobaki hadi ukubwani ni wachache sana.

Niongeze sahihisho dogo kwa #1, ambalo mkaguzi atalipenda. Vitabu vingi husema lava hutoboa utumbo mwembamba. Katika nguruwe imeonekana kwamba wengi hushuka kwanza hadi mwanzo wa utumbo mpana na kutobolea huko. Na lava anayetoka katika yai si mchanga kama tulivyofundishwa: amekwisha kujivua ngozi mara mbili akiwa ndani ya yai, udongoni. Amebakiza mara mbili tu, na hizo hukamilishwa baada ya kurudi utumboni.

#13 Chembehai

Mwalimu ameuliza safari inalipa nini sasa. Jibu langu ni oksijeni.

Mnyoo mkomavu wa Ascaris anaishi mahali penye oksijeni kidogo mno, na mitambo yake ya kupata nishati imepangwa ili ifanye kazi bila hewa. Lava si hivyo. Yai lenyewe haliwezi kukua bila oksijeni. Ukiliweka mahali pasipo hewa husimama kukua, ingawa halifi upesi. Lava anayetoka humo bado anatumia mitambo ya oksijeni kama sisi, na kubadilika kwake kuwa kiumbe wa maisha yasiyo na hewa hutokea karibu na wakati wa kurudi utumboni. Kwa hiyo anaangukia katika chumba kisicho na hewa akiwa na mwili unaohitaji hewa. Aende wapi? Anakwenda kwenye damu, kwenye ini, na hatimaye kwenye mapafu, penye oksijeni nyingi kupita mahali pote mwilini, akisubiri mwili wake ubadilike.

#14 Mti wa Ukoo

Ni hoja nzuri, na laiti ingekuwa peke yake duniani ningeikubali. Lakini mayai ya mnyoo mjeledi na ya wale wadogo wa mkunduni nayo hukua kwa oksijeni nje ya mwili, nayo humezwa, na lava wao hukomaa utumboni bila kwenda popote. Mjeledi huchomeka kichwa chake chembamba ndani ya utando wa utumbo mpana, akatulia hapo. Kama suala ni hewa, wao wameipata wapi?

#15 Chembehai

Labda wameipata palepale ukutani, kwa sababu utando wa utumbo una mishipa ya damu, na oksijeni huwa nyingi kadiri unavyoukaribia. Tena wao ni wadogo. Mjeledi ana sentimita 3 hadi 5, na wale wengine jike hafiki hata sentimita moja na nusu. Ascaris jike hufikia sentimita 35 na zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo hunifanya niamini kwamba habari ya oksijeni haijaisha. Ascaris mkomavu ana hemoglobini katika majimaji ya mwili wake, nayo huishika oksijeni kwa nguvu takriban mara 25,000 kuliko hemoglobini yetu. Inaishika mno kiasi kwamba haiwezi kuiachia ili itumike, na kuna waliopendekeza kwamba kazi yake hasa ni kuiondoa oksijeni isimdhuru. Mnyoo anayeikimbilia hewa utotoni anajikinga nayo ukubwani.

#16 Bomba na Kichujio

Nimefuatilia tangu #1 bila kusema, na naona tunalichanganya swali moja na jingine. Swali la kwa nini mapafuni halina fumbo. Damu yote inayotoka matumboni hupita kwanza kwenye ini, kisha huenda upande wa kulia wa moyo, kisha mapafuni, ambako mishipa huwa myembamba kuliko lava mwenyewe. Chembe yoyote ya ukubwa ule ukiiingiza katika damu ya utumbo itakwama hapo hapo. Haihitaji kutaka oksijeni wala kukumbuka babu. Na akishatoboa kuingia katika vifuko vya hewa, utando wa njia za hewa humsukuma juu pamoja na makohozi, na mwenye makohozi huyameza.

Fumbo halisi ni moja tu, nalo ni kwa nini anatoka utumboni. Mengine yote ni ramani ya mabomba.

#17 Mwalimu wa Biolojia

Huu ndio mchango muhimu kuliko yote mpaka sasa, ingawa ningekuomba usiliite fumbo jepesi. Mnyoo wa mbwa, Toxocara canis, anapita katika mabomba hayo hayo, lakini hafanyi jambo lile lile kila mara. Katika mtoto wa mbwa mwenye majuma machache, lava hutoka mapafuni, hupanda kooni na kukomaa utumboni. Katika mbwa mkubwa, wengi wao hufika mapafuni kisha hurudi katika damu, hutawanyika katika misuli na viungo vingine, na kulala huko kwa muda mrefu. Jike wa mbwa akipata mimba, lava hao huamka na kuingia katika vitoto kabla havijazaliwa. Ndani ya binadamu hawakomai kamwe, bali huzurura, na wakati mwingine huharibu jicho la mtoto. Kwa hiyo lava ana namna ya kutambua yuko wapi na ndani ya nani. Si chembe inayobebwa tu.

#18 Mizani

Naona hakuna aliyetaja kazi ya watafiti Read na Skorping ya mwaka 1995. Waliwapanga nematodi kwa jozi, wale ambao lava wao husafiri ndani ya mwili pamoja na jamaa zao wa karibu wasiosafiri, wakalinganisha ukubwa. Wasafiri walikuwa wakubwa. Mfano wa karibu ni wa mbwa: Toxocara canis anayesafiri hufikia sentimita 18, lakini Toxascaris leonina, ambaye lava wake huishia ndani ya ukuta wa utumbo, hafiki mbali zaidi ya sentimita 10. Mnyoo mkubwa hutaga mayai mengi zaidi. Maelezo yao ni kwamba ndani ya nyama na damu lava hukua vizuri kuliko angekua katikati ya chakula kinachosagwa, na faida hiyo huzidi hasara ya wanaokufa njiani. Wavivu wa Mwalimu katika #10 wapo, lakini hubaki wadogo.

#19 Mti wa Ukoo

Takwimu zao siziwezi kuzikataa, bali sababu waliyoitoa inanitatiza kwa namna mbili. Lava wa Ascaris huanza safari akiwa na robo milimita hivi, hurudi akiwa na karibu milimita moja na nusu. Baada ya hapo hukua palepale utumboni hadi sentimita 30. Sehemu iliyo kubwa mno ya ukuaji hutokea baada ya safari. Milimita ile moja inawezaje kuwa siri ya sentimita thelathini?

La pili ni mnyoo wa rakuni (mnyama mdogo wa porini wa Amerika), Baylisascaris procyonis. Rakuni mchanga akimeza mayai, lava hujichimbia ndani ya utando wa utumbo kwa majuma kadhaa, kisha hutoka na kukomaa, bila ini wala mapafu. Jike wake huzidi sentimita 20.

#20 Mizani

Ndugu Mti wa Ukoo, kila tunapojenga ukuta wewe unaleta mnyama mpya wa kuuangusha, na bado nakushukuru. Lakini rakuni wako amenisaidia. Lava wake hakubaki wazi katikati ya utumbo, bali aliingia katika nyama ya ukuta na kukaa humo. Hata yule wa kuku, Ascaridia galli, hufanya hivyo kwa siku kadhaa. Kama linalotafutwa ni muda wa kuishi ndani ya nyama, basi ukuta ni safari fupi na mapafu ni safari ndefu ya jambo lile lile. Kuhusu milimita moja, jike anayeanza mkubwa kidogo huweza kuwahi kukomaa, na kuwahi ni faida hata kama urefu wa mwisho ungekuwa sawa.

#21 Mfugaji

Kwa wenye ng'ombe, kuna mnyoo wa ndama, Toxocara vitulorum, ambaye kwa urefu hafikiwi na minyoo wengine wa mviringo wa tumboni mwa ng'ombe; hufikia sentimita 30. Ndama huambukizwa kwa maziwa ya mama yake katika siku za kwanza, na minyoo hukomaa utumboni moja kwa moja ndani ya majuma matatu au manne. Nilipoteza ndama wawili kabla sijaelewa kwamba aliyehitaji kuangaliwa ni yeye mwenyewe ndama mdogo, kwa kuwa mama haonyeshi dalili yoyote. Huyu hasafiri, na ni mkubwa. Mnamweka wapi?

#22 Mizani

Pole kwa hasara hiyo. Ningemweka upande wangu. Lava anayeingia kwa maziwa amekwisha kukaa ndani ya nyama ya mama, pengine kwa miezi. Safari imefanyika, ila imefanyika katika mwili wa ng'ombe mwingine.

#23 Mti wa Ukoo

Nami ningemweka upande wangu, kwa sababu lile ndilo umbo la mwenyeji wa kati nililolieleza katika #9: mnyama mmoja wa kuhifadhi lava, mwingine wa kumkomaza.

#24 Msomaji wa Usiku

Mkinivumilia kidogo, mapafu yana mnyoo mwingine anayeyapenda. Patrick Manson alionyesha mwaka 1877 kwamba mbu huwanyonya watoto wa mnyoo wa matende kutoka katika damu ya mtu. Watoto hao hujaa katika damu ya pembeni usiku, wakati mbu wao wanapouma, na mchana hujikusanya katika mishipa ya mapafu. Wanaogelea kinyume cha mkondo ili wabaki humo, kwa hiyo kichujio cha ndugu wa #16 hakitoshi kuwaeleza. Na Mti wa Ukoo ametuambia kwamba hao ni majirani wa Ascaris katika tawi moja. Je, kuna kitu mapafuni ambacho tawi zima linakijua?

#25 Bomba na Kichujio

Hoja yako imenifikirisha. Hata hivyo, watoto wa matende hukaa ndani ya mishipa na hawaitoboi kuingia katika hewa. Na Strongyloides, ambaye kila kitabu humchorea mshale wa mapafuni, alipofuatiliwa ndani ya mbwa na Gerald Schad na wenzake mwaka 1989, haikuonekana kwamba mapafu ni njia ya lazima. Walionekana kufika utumboni kwa njia mbalimbali. Mishale ya vitabuni huwa minyoofu kuliko minyoo wenyewe.

#26 Mkaguzi wa Nyama

Naomba niulize kwa niaba ya wasio wataalamu. Hakuna anayedhani kwamba wanakimbia kinga ya mwili? Labda utumbo ni mkali kwa lava mdogo, akatoka kwenda kujificha mpaka apate nguvu.

#27 Chembehai

Wapo wanaodhani hivyo, na ninaiona kuwa dhana halali. Lakini ushahidi wa mezani kwako unaipinga. Madoa meupe ni kinga ya mwili ikimshambulia kwenye ini, na mapafu huvimba kwa eosinofili. Kisha anaporudi utumboni, akiwa na nguvu hizo anazodaiwa kuzipata, ndipo wengi wao wanapofukuzwa. Kama alikuwa anakimbia, amekimbilia motoni, akarudi mlangoni akafukuzwa.

#28 Mdadisi

Nawashukuru nyote, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Nimeliandika upya swali langu kwa kufuata #16. Je, kuna aliyewahi kumchukua lava wa Ascaris moja kwa moja kutoka katika yai, akamnyima safari, akaona kama atakomaa?

#29 Hadubini

Karibu sana na hilo ni kazi ya watafiti Douvres na Urban ya mwaka 1983. Waliwakuza lava wa mnyoo wa nguruwe ndani ya vyombo vya maabara, nje ya mwili wowote, hadi wakawa wakomavu na majike wakataga. Lakini hilo lilifanyika katika vyombo, si ndani ya utumbo wa mnyama. Kwa hiyo halituambii kama lava aliyenyimwa safari angekomaa utumboni.

#30 Mti wa Ukoo

Basi na tuulize kilichomo kwenye ini. Kabla ya kufika mapafuni lava hukaa humo siku kadhaa, na sisi katika machapisho 29 tumeliacha ini kama kituo cha kupita tu.